Mwenye Mstari Ukutani

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya hakikuwa panya. Kilikuwa mstari mweusi ukutani, karibu na sakafu, mwembamba kama wa penseli, ukitoka nyuma ya cherehani hadi rafu ya chini. Aliugusa, akaona una mafuta. Kuna mtu mdogo sana, akawaza, anapita hapa kila siku na hajawahi kuoga.

Walimwita Kimya kwa sababu maneno yalikuwa yakimkwama kooni. Macho alikuwa nayo ya kutosha watu wawili. Alifagia chumba cha ushonaji cha shangazi yake, akapiga pasi, akatoa nyuzi, na mwezi huo ndio kwanza alikuwa ameruhusiwa kukalia cherehani.

Jumatatu akamwona mwenye mstari. Panya mdogo wa kahawia, tumbo linaburuta chini, ubavu umegusa ukuta, sharubu zikipapasa mbele kama mtu anayetafuta mlango gizani. Alifika kwenye rafu, akaingia ndani ya koti la Bwana Kesho.

Bwana Kesho alileta koti hilo lipunguzwe kiuno miezi mitano iliyopita. Kila akipita mlangoni alisimama, akatafuna biskuti zake, akasema, "Fundi, nalifuata kesho," akaenda zake na makombo kifuani.

Siku hiyohiyo shangazi akakuta mavi ya panya juu ya kitambaa cheupe. Akanunua mtego, akautia kipande cha samaki, akauweka katikati kabisa ya sakafu, kama anamwandalia mgeni kiti.

"Wewe ndiye unayefagia," alimwambia Kimya, "kwa hiyo wewe ndiye unayemfuga. Ijumaa mtego ukiwa mtupu, cherehani nampa binti wa jirani, na wewe urudi kwa mama yako."

Kimya alitazama mtego, akatazama ukuta. Hatua tatu tu. Angeusogeza hatua tatu, kazi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Akachukua ufagio, akafagia kuuzunguka, siku ya kwanza mpaka ya tano.

Ijumaa Bwana Kesho akaja kweli, kwa kuwa alikuwa amealikwa kuhutubia watu. Akavaa koti mbele ya kioo. Bega la kulia lilisimama vizuri, la kushoto limelala kama limesusa.

"Fundi, mbona nimepinda?"

"Umezaliwa hivyo, shemeji. Simama wima."

Akatia mkono mfukoni ili asimame kama mkubwa, na uso wake ukabadilika polepole. Akautoa mkono. Juu ya kiganja palikuwa na kitu chekundu kama haragwe, hakina hata unywele, kinanyonya hewa.

"Hiki ni nini?"

"Ni mtoto," alisema Kimya.

Nyuma ya mtoto ikatoka pamba yote ya bega la kushoto, na wenzake watano.

"Hili ni duka au ni zizi?" alisema Bwana Kesho. "Nataka koti jipya."

Shangazi alimgeukia Kimya. "Kusanya nguo zako."

Kimya alisogea mezani. Akapokea watoto wale kwenye kitambaa, akakung'uta mfuko juu ya meza. Ikaanguka karatasi ya biskuti iliyotafunwa kingo, na unga mwingi wa biskuti.

"Sisi hapa hatuli biskuti," alisema. "Panya hatembei mbali. Akipata chakula na pamba mahali pamoja, anahamia. Huyu alikaribishwa."

Bwana Kesho alijitazama kifuani. Makombo yalikuwepo, ya leo. Akavua koti, akaliweka mezani kwa heshima.

"Basi lishoneni bega," alisema. "Nitalifuata kesho."

Shangazi alicheka mpaka akakalia furushi la vitambaa. Akafuta macho kwa utepe wa kupimia.

"Mtu mzima kabeba wodi ya wazazi mfukoni," alisema. "Haya, rudi kwenye cherehani yako." Kisha akausukuma mtego kwa mguu. "Lakini na takataka hii nayo. Siku tano haijashika hata nzi."

Kimya alikuwa amekwisha kutunga uzi kwenye sindano. Angeweza kunyamaza; kunyamaza alikujua vizuri.

"Uko pabaya, shangazi. Panya hapiti katikati, hupita ukutani. Nilijua tangu Jumatatu."

"Ulijua, ukanyamaza? Na cherehani unaipenda hivyo?"

"Naipenda," alisema Kimya. "Lakini alikuwa na mimba."