Gambuti Namba Sita

Nekoye alikuwa akianika nguo nyumbani kwake Ruiru kijana asiyemjua aliposimama langoni, karatasi mkononi.

"Mama, wewe ndiye Nekoye, sita?"

"Nekoye ni mimi. Hiyo sita umeitoa wapi?"

Kijana akacheka, akajitambulisha. Aliitwa Lenny, mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikuwa anaandika jinsi mkataba wa biashara kati ya Kenya na Ulaya ulivyozaliwa. Karatasi ilikuwa nakala ya orodha ya wafanyakazi wa shamba la maua huko Thika, iliyopelekwa serikalini miaka ile maua yalipotozwa ushuru Ulaya. Watu mia mbili walikuwa wametia sahihi kutaka mkataba uharakishwe. Sura nzima ya tasnifu yake ilisimama juu ya majina hayo. Angeikabidhi Ijumaa, ahitimu Desemba.

"Ila hizi namba kando ya majina sizielewi. Ni miaka ya kazi?"

Nekoye alimtazama kwa huruma. "Nikikwambia, utaandika vile nitasema?"

"Naahidi, mama."

"Ni viatu."

"Viatu?"

"Gambuti, vile vya mpira. Kule kwetu orodha ilikuwa ya gambuti tu. Msimamizi akipitisha karatasi, unaandika jina, sahihi na saizi, unarudi kwa waridi zako. Siku hiyo juu kulikuwa na Kiingereza kirefu. Nani angesoma na mikono imelowa?"

Jirani yake Wanja, waliyepanga maua naye kule shambani, alidakia kutoka ng'ambo ya ua, "Namba nane ni mimi! Na mpaka leo sijaziona!"

Nekoye alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Lenny naye alicheka, kisha akaitazama tena karatasi. "Kwa hivyo hamkuutaka mkataba?"

"Nani amesema? Tuliogopa kufutwa kazi maua yakikosa soko. Tungeulizwa, tungesema mengi. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Lenny alipoondoka, Wanja akaguna. "Huyo anataka joho lake. Ijumaa ni kesho kutwa. Ataandika gambuti?"

Nekoye akaendelea kuanika.

Katikati ya Desemba, Nekoye na Wanja walikuwa uani lango lilipogongwa. Lenny, bila joho, na kurasa kwapani.

"Umehitimu?" Nekoye akauliza.

"Mwakani, mama. Ilibidi niwatafute wengine wa orodha kwanza. Nimepata thelathini na wanane."

Akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, akasoma: "Majina haya yalipelekwa kama madai ya mkataba. Wenye majina walikuwa wanaomba viatu. Bi Nekoye aliomba namba sita, Bi Wanja namba nane..."

"Ngai! Hebu rudia hapo," Wanja akasema, akivuta kigoda karibu.

Akarudia.