Karatasi za Langoni kwa Tsonka

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaanza kuteremka kilima, Gencho kalala ndani kakumbatia tumbo, na bado anagombana na mkewe kupitia dirishani.

"Mwanamke! Mawe ya nyongo yananiua, nawe unabaki na uji wa karatasi?"

"Unapasuliwa kesho, leo utalala tu," Tsonka akapiga kelele, mikono imemlowa hadi viwikoni. "Uji huu ukilala unanuka. Nenda salama, baba Petko!"

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwao, katika kijiji kimoja cha mlimani juu ya mji wa Gabrovo, kwa hiyo nilijua kinachombakisha. Jumamosi kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono. Kila mwaka zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Stamena, jirani wa ng'ambo ya barabara, kwa vitambaa vyake vya kufuma. Mwaka huu Tsonka aliamua kushindana kwa karatasi za kutengeneza kwa mkono, na alikuwa radhi akose pepo kuliko kushindwa na Stamena tena.

Alichana trei za mayai na magazeti, akaloweka kwenye beseni, akasaga kwa blenda ya supu. Trei zilipopungua, akabandua langoni tanzia za marehemu mama mkwe, zilizokwisha kufifia, akazitia nazo.

"Maisha yake yote hakunisaidia kazi," aliniambia. "Sasa na anisaidie."

Akatupia maganda ya vitunguu kupata rangi. Kisha akachota uji ule kwa fremu ya picha aliyoivika stokingi. Maji yakachuruzika, ukabaki utando. Utando huo sharti ubandikwe mahali laini penye jua ukauke, na nyumba nzima haikuwa na mahali pa namna hiyo ila lango la bati. Akalibandika lote, akarudi jikoni kusaga zaidi.

Kwa watu wale lango ndilo msemaji wa nyumba. Mtu akifa, tanzia hubandikwa hapo na kukaa mpaka mvua izile. Asubuhi Stamena aliona gari la wagonjwa. Adhuhuri akaona lango limejaa karatasi. Hakusogea asome. Nani husogea? Alijifunga kitambaa cheusi, akachemsha ngano ya matanga, akamwarifu mpiga kengele wa kanisa.

Watu wakaja na mishumaa, maua na rakia, ile pombe yao kali ya matunda. Stamena alipofika langoni, akaona karatasi hazikuandikwa.

"Maskini, hata nguvu ya kuandika hana," akasema, na kwa huruma akachomeka ua kwenye kila moja, akapitisha utepe mweusi katikati. Zikakatika kama mkate uliolowa.

Tsonka akatoka na kijiko mkononi.

"Pole, shoga yangu," Stamena akamwambia. "Mungu amlaze pema."

"Nani?"

"Gencho wako."

"Gencho? Amenipigia simu sasa hivi anataka supu!"

Mzee Kolyo, aliyekuwa ameshafungua chupa, akauliza, "Kwa hiyo hajafa?"

"Hajafa!"

"Basi tunywe kwa afya yake."

"Na ngano yangu?" Stamena akang'aka. "Ngano ya matanga hairudi ilikotoka!"

Tsonka hakumsikia. Alikuwa anatazama lango. "Umezichana makusudi."

"Makusudi? Mimi nimemlilia mumeo kuliko wewe!"

Hilo lilikuwa kweli, na mashahidi walikuwepo, wanakula ngano.

Jioni Gencho alipiga simu tena, akasimuliwa yote, wala hakuulizia karatasi. "Walikuja wengi?"

"Wengi."

"Kolyo alilia?"

"Alikunywa."

"Nilijua."

Trei zilikuwa zimekwisha, na mama mkwe naye alikuwa amekwisha. Jumamosi Tsonka alipeleka kipande kimoja kilichosalimika, cha ukubwa wa kiganja, chenye alama ya dole gumba la Stamena. Zawadi ikaenda kwa Stamena.

Gencho alirudi bila nyongo, akaishi miaka mingi akilalamikia chumvi. Alipokufa kweli ilikuwa Februari, wakaja wachache. Tsonka alihamia Plovdiv kwa mwanawe Petko, na karatasi hatengenezi tena. Kolyo alikufa kwa ini. Stamena macho yamemfifia, ameacha kufuma. Zawadi sasa huchukuliwa na mwalimu mstaafu anayechonga vijiko. Mimi haya ya baadaye nimeyasikia tu; niliondoka vuli ya mwaka uleule wa karatasi, kwenda kuvuna zabibu kusini.