Ndama Ndani ya Breki ya Wilibrodi

Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka 1981, fundi Qamara aliweka jeki chini ya Pijo ya Wilibrodi, akazuia gurudumu la mbele kwa jiwe, akafungua nati za gurudumu la nyuma kushoto. Gari lilikuwa limesimama palepale uani, kule Oldeani, kwa miaka saba. Kuku walitagia kwenye kiti cha mbele. Gurudumu lile halikuzunguka hata kidogo, na kila alfajiri ndama alilia ndani ya dramu yake ya breki.

Majirani walikwisha kuzoea. Mama Blandina wa nyumba ya pili aliamkia sauti hiyo kwenda kukamua, na alisema wazi kwamba ni ya kuaminika kuliko saa ya mumewe, na kuliko mumewe.

Qamara alitega sikio kwenye dramu.

"Hapa kuna mambo mawili, Baba Hyasinta," alimwambia Wilibrodi. "Kuna kutu na kuna ndama. Ulivuka mto, ukavuta handibreki wakati breki zimelowa, ukaliacha gari masika nzima. Breki shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani, zimegandia humo. Hiyo ni kazi yangu. Huyu ndama je?"

Wilibrodi, mkulima wa kahawa asiyeishiwa maneno hata msibani, alieleza. Mwaka 1974, watu walipohamishwa kutoka chini kwenye kreta ya Ngorongoro, yeye alikodiwa kupandisha vyombo vyao. Mama mmoja wa Kimaasai, Namunyak, alikuwa na ndama aliyezaliwa asubuhi ileile, hajaweza kusimama. Akamwomba ampakie. Askari wa hifadhi akasoma karatasi: vyombo vinapanda kwa gari, mifugo inapanda kwa miguu.

"Nafasi ilikuwepo," Wilibrodi alisema. "Lakini kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami nikakimbiza wangu. Ndama akabaki pale majanini. Nilipofika hapa nikavuta handibreki, haikuachia tena."

Qamara alitikisa kichwa, akaendelea na kazi. Alilegeza waya wa handibreki, akakaza na kulegeza skrubu ya kurekebishia breki mpaka ikakubali, akamwagia dizeli ukingoni, akaacha siku mbili. Kisha akagonga ukingo wa dramu kwa nyundo, polepole, akiuzunguka, maana ukigonga usoni dramu hupasuka. Haikutoka. Ndama alinyamaza kwa kila pigo, halafu akalia tena.

Siku ya tatu Namunyak alifika kwa miguu kutoka Endulen, alikohamia. Habari za gari linalolia alizipata kwa watu waliotoka mnadani Karatu. Alikuja na ng'ombe mwekundu, mzee, pembe moja imevunjika. Huyo ndiye Nanyokie, mama wa ndama, na kiwele chake hakikukauka miaka yote saba.

"Shikamoo, mama," alisema Wilibrodi, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba. Wewe ndio ile dereva."

"Ndiye mimi. Naona aibu."

"Ona tu," alisema Namunyak, akamgeukia Qamara. "Fundi, ndama haitoki kwa nyundo. Ndama inaitwa kwa jina ya mama yake."

Ndivyo wafanyavyo kwao wakati wa kukamua: jina la ng'ombe huitwa, na ndama wake hutoka zizini peke yake. Qamara, Mwiraqw aliyekulia kwenye ng'ombe, aliona hilo ni jambo la akili.

"Basi ita, yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Mimi nitagonga."

"Nanyokie!" Nyundo ikapiga. "Nanyokie!" Ikapiga tena. Mara ya tatu dramu iliachia, ikateleza mikononi mwa fundi. Vumbi la kutu lilimwagika kwanza. Ikafuata pua, ikafuata miguu ya mbele, kisha ndama mzima, bado na unyevu wa kuzaliwa. Alijaribu kusimama mara mbili, ya pili akaweza. Nanyokie alimlamba, naye akanyonya.

Mama Blandina alipiga vigelegele mpaka kahawa ya jirani ikaachwa bila wachumaji. Namunyak alilia bila kujificha, na Wilibrodi naye. Qamara alisugua breki shuu kwa msasa, akarudisha dramu, akalizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, akacheka peke yake.

Kwenye barabara ya kreta karatasi ya askari ilikuwa ileile, imeongezwa mstari mmoja: mifugo ishuke kulamba chumvi, ipande kabla ya saa kumi jioni. Kulala kule chini kretani, hakuna. Namunyak alishuka na ndama wake, akapanda naye. Kulima nako watu wa kwao walikuwa wamekatazwa, basi Wilibrodi akawa anampelekea mahindi.

Mwaka wa tatu yule ndama, sasa mtamba, alizaa kule chini, saa tisa alasiri. Wilibrodi, aliyekuwa ameleta mahindi, alikuwa ameegesha Pijo chini ya mpando wa kreta, gurudumu limezuiwa kwa jiwe, kwa kuwa handibreki hakuivuta tena. Askari alikuwa yuleyule, mvi zimemwingia. Akafungua karatasi.

"Mifugo inapanda kwa miguu."

"Nilisikia mara ya kwanza," alisema Wilibrodi. Alimwinua yule ndama mchanga, akamlaza kwenye kiti cha mbele, akaondoa jiwe. "Andika jina langu. Wilibrodi, herufi kubwa."

Askari akaandika. Pijo ilipanda kwa gia ya kwanza, kichwa cha ndama kikichungulia dirishani, na nyuma yake Namunyak akiimba na ng'ombe wake. Walifika juu saa kumi kasoro dakika tano, kama karatasi ilivyotaka. Kule chini hapakubaki nyumba wala moshi, lakini safari hii hakubaki ndama.