Mtaro wa Melkiory

Kabla hapajakucha nilisikia mlango wa jikoni ukikwaruza sakafu, na hakuna aliyeugusa. Tangu wiki ile ya mvua kubwa ulikuwa haufungiki vizuri. Niliamka, nikawasha moto.

Asubuhi alifika Anatory, mtaalamu wa udongo kutoka Bukoba. Masika yalikuwa yamefungua ufa kilimani, juu ya kibanja changu, shamba la migomba na nyumba, hapa Kamuli. Alikuja kuniambia kama nitabaki au nitahama, nimwache mume wangu Melkiory peke yake katika kaburi lake migombani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kunywa kahawa kwanza, kilima hakikimbii."

Kokugonza, mke wa mwanangu, akacheka. "Mama, si ndicho kinachokimbia?"

Anatory alivua mabuti mlangoni asichafue nyasi nilizotandika sebuleni. Hakuna aliyemwambia.

Tulipanda. Kaburi alilizunguka, hakulikanyaga. Upande wa juu wa migomba alisimama kwenye mtaro wetu, akachomeka fimbo ya chuma. Ilizama karibu yote.

"Mtaro huu alichimba nani?"

"Mimi na mzee. Tuliuziba huku na huku, maji yabaki yanyweshe migomba. Na nyasi za kule juu tulifyeka kila mwaka, tukatandaza shambani."

"Migomba yenu imependeza kweli." Akaichomoa fimbo. "Lakini kule juu mmeacha ardhi wazi, na maji yote yanazama hapa. Udongo umelowa mpaka kwenye mwamba, sasa unateleza. Nyufa zimefika nyuma ya nyumba."

"Kwa hiyo ni sisi."

Alikaa chini nami nikakaa, ndipo akajibu. "Ni mvua pia, bibi, na mteremko wenyewe. Lakini uhame kabla ya vuli."

"Na mzee?"

"Yuko upande unaoshuka. Unaweza kushuka, unaweza usishuke. Sijui."

Nilisubiri machozi, hayakuja. Niliwaza kwamba maharage yako motoni.

Anatory aliomba jembe. Alichimba mwenyewe, akaufungulia mtaro njia ya kwenda korongoni. Kokugonza alimwambia, "Mtu wa ofisini, utatokwa na malengelenge." Akasema yameshatoka, akaendelea.

Jioni nilimfungia mkungu mdogo wa ndizi kwenye pikipiki yake.

"Nitakuwa kwa Kokugonza, ng'ambo ya bonde," nilimwambia. "Kutoka kule macho yangu hayafiki huku. Mvua ikianza, uje tena. Upite kwanza kwa mzee, halafu uje uniambie kama bado yupo pale."