Jina la Agape kwenye Majani ya Kunde

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mwaka wa tisini na nne, Bibi Gaudensia Lyamba alinunua mbegu za kunde katika soko la Kashaulili, na muuzaji akamfungia kwenye karatasi iliyopigwa chapa. Siku zile karatasi haikutupwa. Ikishamaliza kazi ya ofisini ilianza kazi yenye maana, ya kufungia karanga, chumvi na mbegu, na wake za watumishi waliiuza kwa wachuuzi kwa kilo. Bibi alitia kifurushi kikapuni akarudi kwa miguu hadi kitongojini kwao Kasimbili, upande wa Kakese.

Jumapili yake ndiyo ilikuwa misa ya kubariki mbegu. Padri alipaswa kuja tangu Novemba, lakini gari lilikuwa bovu, na mvua nayo ilimsubiri kwa adabu. Akina mama wengine walifungua vifurushi vyao pale mbele, wakaridhika na tone moja moja la maji ya baraka. Bibi Gaudensia hakuridhika. Aliinua kifurushi chake juu mpaka Padri akamwelewa, akammiminia, na karatasi ikalowa yote ikagandamana na kunde. Jioni mvua ikanyesha.

Asubuhi ya Jumatatu Bibi alikuta karatasi haibanduki kwenye mbegu. Kuitupa hakuweza, kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Basi akaichana vipande vidogo, na kila shimo likapata mbegu tatu na kipande cha karatasi. Yeye alipanda kwa rozari, kama alivyofundishwa na mama yake. Shimo moja Salamu Maria moja, na mwisho wa kila kumi anachomeka mbegu ya boga kwa Baba Yetu. Hivyo hakuhitaji kuhesabu, na bustani yake ilikuwa imenyooka kuliko za watu wanaohesabu.

Nyuma yake alikuwepo mjukuu wake Agape, binti wa miaka kumi na minne, akifukia mashimo kwa mguu. Macho yalikuwa yamemvimba. Ijumaa iliyopita mwalimu mkuu, Mwalimu Yotham, aliwasimamisha wanafunzi mstarini akatangaza matokeo ya darasa la saba: mwaka huu shule haikufaulisha. "Hata mmoja," alisema, na akavua kofia. Agape alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la tatu, jambo ambalo Mwalimu alilieleza kuwa ni udhaifu wa wenzake. Binti wa Mwalimu mwenyewe, Verdiana, alikuwa wa ishirini na tisa kati ya thelathini na mmoja, na hilo lilikuwa ni tatizo la macho. Mwalimu Yotham alikuwa pia mwenyekiti wa kigango, na Jumapili alisoma somo la kwanza kwa sauti nzuri sana.

Agape alilia siku mbili. Siku ya tatu akaacha, kwa sababu maji ya kuchota yalikuwepo.

Kunde zikaota. Majani ya kwanza yalikuwa matupu, kama ya mtu yeyote. Ilipofika wiki ya pili, majani yenyewe yalipofunguka, yalikuwa na maandishi. Herufi zilikuwa za mashine ya chapa, wino umepauka kidogo pembeni, mstari mmoja kwa kila jani. Bibi alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, na alisoma vizuri mradi herufi ziwe kubwa na asiharakishwe. Aliinama kwenye tuta la kwanza akasoma hadi mwisho. Akahamia la pili, akakuta ni yale yale.

"Mke mwenzangu," alimwita mjukuu wake, maana ndivyo walivyotaniana. "Njoo hapa. Mboga inakutaja."

Agape akaja, akasoma kwa sauti. "Agape Innocent Lyamba. Amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza."

"Kumbe ulifaulu," Bibi alisema, akaendelea kung'oa magugu.

Alifurahi kwa urefu wa tuta moja. Alipofika mwisho akakaa chini kwenye udongo, kwa sababu alikuwa ameelewa, na hasira iliyomshika pale haikumwachia tena. Mtoto alikuwa amefaulu, na kuna mtu alijua.

Majirani wakaja. Hakuna aliyeuliza kunde zimejifunzia wapi kuandika. Mbegu zilibarikiwa, wote waliona, na Bibi Gaudensia alijulikana kwa kupenda baraka za kulowa. Walichouliza ni kama wanaweza kuchuma za jioni. Bwana shamba naye alipita na baiskeli yake, akasoma jani, akaligeuza kuangalia chini kama kuna wadudu, akasema ni zima. Ila alimwonya Bibi kwamba nafasi kati ya shimo na shimo haitoshi. Kwenye daftari lake aliandika: kunde, hali nzuri.

Innocent, mtoto wa Bibi na baba yake Agape, alisoma jani moja tu. Alilikunja akalitia mfukoni.

"Mama, wale wadogo wawili bado wako shuleni pale. Mwalimu ndiye anayewafundisha. Tukimkorofisha itakuwaje?"

"Nani kamkorofisha? Mimi nimepanda mboga."

Mwalimu Yotham mwenyewe alikuja siku iliyofuata. Asikwambie mtu kwamba alijificha. Alivuka tuta kwa tuta mikono nyuma, kama anasimamia mtihani, akasema maandishi hayana kosa, ni sawasawa na alivyoyaona yeye. Kisha akapewa kigoda na kikombe cha uji, akaeleza.

"Bibi yangu, orodha ni mali ya ofisi. Mboga ni mali yako. Hivi viwili tusivichanganye."

"Na mtoto ni mali ya nani?" Bibi aliuliza.

"Mtoto ni wa jamii," Mwalimu alisema, akasifu uji.

Katekista Manyanda, mtu mpole asiyependa watu wagombane kwenye eneo lake, akaona jambo hili linahitaji sala. Alileta jumuiya nzima bustanini, wakapiga magoti kati ya matuta, wakiangalia wasikanyage jina. Alifungua kwa kuwakumbusha kuwa ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Kweli ukweli ulikuwa umedhihiri, wa kijani, umetapakaa bustani nzima. Uongo haukujitenga. Ulikuwa umepiga magoti pale mbele, na ndio ulioongoza fumbo la tatu. Katekista akataja nia ya sala: mtoto wetu Agape apewe moyo wa kupokea mapenzi ya Mungu.

Bibi Gaudensia alinyanyuka kabla ya Amina.

"Mungu kaandika jina la mtoto mara mia moja na hamsini," alisema, "na nyie mnamwomba yeye mtoto avumilie kwamba hamtaki kusoma. Haya, salini nyie. Mimi naenda kuchota maji."

Baada ya Krismasi alichuma majani yaliyokomaa, akayapanga kwenye ungo, akayafunika kwa kanga, akaenda nayo mjini yeye na Agape, kwenye ofisi inayohusika na mambo hayo. Karani aliyewapokea alikuwa kijana mstaarabu. Alivaa miwani, akasoma majani sita moja baada ya jingine, ili asije akaambiwa hakufanya kazi.

"Bibi, hizi taarifa zinaonekana sahihi kabisa," alisema. "Ila hazina muhuri."

Bibi alirudi Kasimbili, akamwagilia. Majani yaliyotoka wiki ile yalikuja na muhuri wa duara, wa zambarau, umegongwa upande kidogo kama mihuri yote. Agape alipouona alicheka, na ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Ijumaa ile ya mstarini. Usiku aliota viatu vyeusi. Alimsimulia Bibi, na Bibi akaanza kuuliza uliza bei ya sanduku.

Sanduku likatokea, ila si kwao. Katikati ya Januari Verdiana aliondoka kwenda shule ya bweni ya mbali, na kigango chote kikamsindikiza stesheni, kupanda treni ya Tabora. Kwaya iliimba. Sanduku lilikuwa la bati, jipya, na ubavuni limeandikwa kwa rangi nyeupe: AGAPE I. LYAMBA. Lilikuwa zito kwa sababu ya madaftari, na Mwalimu akaomba mwenye mgongo imara. Innocent akajitokeza. Alilibeba begani kutoka barabarani mpaka kwenye behewa, jina la binti yake limemgusa shavu na jina lake mwenyewe katikati, akalisukuma chini ya kiti, akashuka akijifuta jasho. Watu walimsifu kwa kutokuwa na kinyongo.

Jumatatu Bibi na Agape walikuwa tena mbele ya karani, safari hii na majani yenye muhuri. Karani aliukagua kwa kutumia rula. Akakiri muhuri ni wenyewe. Akafungua faili, akapitisha kidole, akatabasamu kwa furaha ya kweli.

"Bibi, habari ni njema. Agape Innocent Lyamba ameripoti shuleni tangu Alhamisi. Hana tatizo."

"Agape ni huyu hapa."

Karani akamwangalia msichana, akaangalia faili. "Huyu hapa sikatai," alisema. "Lakini ameshakwenda. Sasa Bibi unataka aende mara ngapi?"

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani mvua ikawanyeshea, na wino wa muhuri ukatiririka kwenye ungo hadi kifuani kwa Agape aliyeubeba. Agape hakulia. Alisema tu, "Bibi, nimechoka," na Bibi akampokea ungo. Moyo wake ulimuuma kuliko siku aliyomzika mumewe, maana mumewe angalau alikuwa amekufa.

Innocent alijaribu kumrudisha binti darasa la saba, afanye mtihani upya. Mwalimu Yotham alisikitika. Sheria ni sheria, aliyefaulu harudii darasa, na Agape alikuwa amefaulu, bustani nzima ilikuwa shahidi. Lakini Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alitaka kusaidia. Alifikiria kidogo akasema kuna jina la Verdiana pale, lipo tu, halina mtu. Mtoto anaweza kulitumia.

Katekista Manyanda aliita jambo hilo upatanisho, na likatangazwa Jumapili baada ya komunyo. Bibi alisema hapana, siku tatu mfululizo, na siku zote tatu hakupika. Siku ya nne Agape mwenyewe alimwambia, "Bibi, acha. Nataka kusoma." Basi akaingia darasani akiitwa Verdiana Yotham, na madaftari yake yakaandikwa hivyo. Mwanzoni alikosea. Akiitwa Verdiana alikaa kimya, na mtu akisema Agape uani aliinua kichwa. Mwalimu alimchapa kwa hilo, viboko viwili viwili, bila chuki, akimweleza kila mara kuwa msimamizi wa mtihani hatamwonea huruma. Kufikia Machi alikuwa hakosei.

Kunde hazikubadilika. Bibi alipanda tena Februari, mbegu za mavuno ya kwanza, bila karatasi, na jina likatoka vilevile, na muhuri. Familia ilikula jina hilo na ugali karibu kila siku. Lilikuwa na ladha ya kunde. Wageni waliochangamka walikuwa wakisoma kwanza, halafu wanakula.

Likizo ya Pasaka Verdiana akarudi. Alikuwa amenenepa kidogo, ana soksi nyeupe na viatu vyeusi, na nyumbani kwao kila mtu alikuwa ameagizwa amwite kwa jina la shule ili asije akajisahau. Alitumwa na mama yake kwa Bibi Gaudensia kuomba mboga, maana za kwao zilikuwa zimeliwa na wadudu na hazikuwa na maandishi. Alisimama kwenye ukingo wa bustani, mikono nyuma, kwa heshima.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ngoja hapo."

Bibi alikuwa tuta la mwisho, ungo wake umejaa. Mjukuu wake alikuwa hatua nne kutoka kwake, amempa mgongo, anachuma. Bibi alihitaji kikapu.

"Agape!" aliita.

"Abee, Bibi," alijibu binti mwenye viatu, haraka na kwa sauti safi, akaja.

Mjukuu wake hakugeuka. Mabega yake yalikaza kidogo, kama ya mtu anayesubiri fimbo, kisha yakalegea. Akaendelea kuchuma.

Bibi Gaudensia alimtazama mjukuu wake mgongoni. Halafu akamjazia yule aliyeitika mboga mikono miwili, kwa kuwa aliitika, na yule akasema asante, akatazama jani la juu, akalisoma, na kuondoka nalo kwenda kupika.

"Verdiana," Bibi aliita, kwa sauti ya chini.

"Abee, Bibi."

"Niletee kikapu."

Akakileta.