Agizo kutoka Juba

Jumapili asubuhi Onsongo aliingia uani kwake, kijijini Tabaka, akicheka peke yake, simu mkononi, vumbi jeupe la mawe limemkaa hadi kwenye nyusi. Mkewe, Nyakerario, alikuwa ameinamia beseni la maji akipiga msasa vinyago alivyochonga mumewe wiki nzima. Mtoto wao, Mong'ina, alilala mgongoni mwake.

"Mama Mong'ina, Juba imefunguka!"

"Imefunguka vipi?"

"Achol amebadilisha agizo. Alitaka ndovu kumi na wawili wa kusimama kwenye mlango wa hoteli, si unakumbuka? Sasa anataka ndege mia tatu. Mia tatu! Huo ni uchumi umeamka, mama."

Achol alikuwa mwanamke mwenye duka huko Juba. Onsongo aliishi huko miaka miwili akimuuzia vinyago dukani, mpaka siku risasi zilipolia mtaani akarudi nyumbani na nguo alizovaa tu. Tangu hapo alifuatilia habari za nchi ile kama mkulima anavyofuatilia mvua. Redio ikisema mafuta yameanza kupita bombani, uso unang'aa. Ikisema uchaguzi umesogezwa mbele, chai inapoa mkononi. Sasa Achol alikuwa amemwita arudi, naye alikuwa ameahidi kuondoka Jumatano.

Nyakerario hakutaka aende. Ila hakutaka kumfunga miguu kwa machozi pia, maana mwanamume aliyempenda ni huyu huyu, mwenye macho ya mbali.

"Hao ndege ni wa ukubwa gani?" aliuliza.

"Wa kuenea kiganjani."

Nyakerario akaacha kusugua.

"Baba Mong'ina, wewe unachonga, lakini kila jiwe hupitia mikononi mwangu. Ndovu wa mlangoni hubebwa na wanaume wawili. Anayemwagiza amekusudia kukaa. Ndege wa kiganjani unamtia mfukoni, unaenda zako. Hao watu wananunua vitu vya kuagana."

"Ai! Siku hizi umekuwa mchambuzi wa redio?"

"Wakiniajiri huko, nani atakupigia msasa?"

Walicheka wote wawili. Onsongo ndiye aliyeacha kwanza.

"Mpigie," Nyakerario akasema kwa upole. "Muulize tu kwa nini hataki ndovu tena."

Onsongo akapiga, akaweka simu kwenye spika. Achol alipokea mara moja. Kiswahili chake alikipata shuleni Nakuru, na siku zote alikisema haraka haraka. Leo maneno yalitoka moja moja.

"Onsongo, ndugu yangu, mwenye hoteli anauza hadi viti. Watu wa mashirika ya misaada wanafunga mizigo, wanataka zawadi ndogo ndogo."

"Na mimi ulikuwa unaniita kwa nini?"

"Nimechoka kufungua duka peke yangu kila asubuhi. Nilifikiri majirani wakimwona Mkenya amerudi, wataamini mambo yanatengenea." Akavuta pumzi. "Hata mimi ningeamini."

 Nyakerario alijipangusa mkono kwenye leso, akaichukua simu.

"Dada Achol, ni mimi, mkewe. Ndege utawapata wote. Lakini mchongaji ninabaki naye kwanza. Usinikasirikie."

"Nikukasirikie? Ningekuwa wewe, ningeficha hata viatu vyake."

"Na huko kukichafuka, uje. Hapa kwetu chumba kipo, na ndizi hazikosi."

"Kukitulia je?"

"Kukitulia nitamleta mwenyewe, nione hiyo Juba inayonisumbua usingizi."

Achol akacheka hadi mtoto akaamka.

Simu ilipokatika, Onsongo alibaki amesimama akiangalia barabara. Kisha akavuta kigoda, akaketi kando ya mkewe, akatumbukiza mikono kwenye beseni, akatoa kinyago na kuanza kukisugua. Wanaume wa Tabaka hawapigi msasa, na jirani aliyepita aliguna waziwazi.

"Polepole," Nyakerario akamwambia, akimsogelea bega kwa bega. "Huyo twiga unamtoa masikio."