Shimo Lililokatazwa Kufukiwa

Ng'ombe alipotumbukiza miguu ya mbele katika shimo la nyuma ya shamba na kunusurika chupuchupu, kijana wa nyumba hiyo alikata kauli: lifukiwe wiki hiyohiyo. Mama yake akamgomea. Marehemu baba yake mama huyo, siku alipokuwa akikata roho, hakutaja mashamba wala mifugo. Alisema neno moja tu: shimo msilifukie. Sababu alikwenda nayo kaburini. Basi wakamwita mkwe wao aje aliangalie.

Huyo mkwe alikuwa mchimba visima, na watu walimwita Sururu kwa kuwa miaka ishirini na mitano alikuwa hajaiweka chini sururu yake. Alipenda kutania kwamba yeye tu ndiye mwenye kazi ambayo mtu akiendelea vizuri anazidi kwenda chini.

Alifika saa nne asubuhi. Mama mkwe alimkuta pale shimoni akikagua ukingo, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mkwe wangu, kabla hujashuka nikwambie kitu. Baba alikuwa akija hapa kila siku jua likisimama utosini. Analala kifudifudi pale, sikio chini. Tukimuuliza, anasema anasikiliza maji."

"Alikuwa akiyasikia?"

"Sijui. Ila siku nyingine alikuwa akijibu."

"Akimjibu nani, mama?"

"Ndilo hilo nililokuitia."

Sururu akacheka kidogo ili kumtoa hofu. Akashusha mshumaa ndani ya ndoo kupima hewa. Haukuzimika. Akajifunga kamba kiunoni, shemeji yake, yule kijana aliyetaka lifukiwe, akashika upande wa pili, akaanza kushuka.

Kuta za shimo, kwake, zilisomeka kama barua. Hapo walichimba watu wawili kwa zamu. Mmoja alipiga sururu kutoka kulia. Mwenzake alipiga kutoka kushoto, na mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, mapigo yamepangana bila papara. Urefu wa watu watatu kwenda chini, mapigo yakakatika ghafla. Chini ya hapo udongo ulikuwa tifutifu, wa rangi nyingine.

"Shemeji!" aliita. "Hili si shimo. Ni kisima kilichoporomoka!"

Akafukua hadi alasiri, shemeji akivuta ndoo baada ya ndoo. Jembe likazama kwenye uwazi. Ulikuwa mdomo wa njia ya pembeni, ile ambayo wachimbaji huikata wakifuata unyevu. Akajipenyeza kwa tumbo, taa kichwani.

Mifupa ilikuwa imekaa kitako, mgongo ukutani, kama mtu aliyepumzika akingoja kuitwa. Pembeni yake palikuwa na kipande cha chuma cha ndoo, kimesagika ukingoni mpaka kimekuwa kama kijiko. Sururu akainua taa. Juu ya lile fuvu dari ilikuwa imekwanguliwa, tundu jembamba likipanda kwenda juu, na mikwaruzo yote ilielekea upande mmoja. Mtu wa mkono wa kushoto.

Akapanda ndani ya lile tundu, mabega yakisugua huku na huku, hadi aliposhindwa kupita, akanyoosha mkono. Vidole vikagusa mizizi ya nyasi.

Hapo akamsikia mama mkwe, wazi kabisa, kana kwamba amekaa begani kwake: "Mbona amekawia hivyo?"

Na shemeji akajibu: "Yuko kazini, mama. Kamba inatikisika."

Sururu aliinua ngumi agonge, awajulishe alipo. Akaishusha. Akateremka, akarudi kinyumenyume mpaka kisimani, akavuta kamba apandishwe.

Alikunywa maji vikombe viwili kabla ya kusema.

"Mama, kule chini kuna mifupa ya mtu aliyechimba kwa mkono wa kushoto. Mzee alikuwa akitumia mkono gani?"

"Wa kulia. Mashoto alikuwa mdogo wake, yule baba mdogo aliyehamia ugenini kabla sijazaliwa. Aliondoka bila kuaga, ndivyo tulivyo..."

Hakumaliza. Shemeji aliitupa kamba chini. Mama mkwe alitazama mikono yake.

"Alikufa palepale?" aliuliza.

Sururu hakuwahi kumdanganya mtu habari za kisima, hata urefu wa dhiraa moja. "Palepale, mama. Udongo haukumpa nafasi ya kuvuta pumzi."

"Basi baba alikuwa akimjibu nani?"

Sururu akainama kuikunja kamba. Mama mkwe hakumsukuma.

Kesho yake waliitoa mifupa, wakaifunga katika shuka jipya. Shemeji alitaka ndugu hao walazwe pamoja. Mama alikataa katakata. Baba mdogo akazikwa upande wa mashariki wa shamba, mbali na kaka yake, na mama mwenyewe alirusha udongo wa kwanza, kwa mkono wa kushoto, akikoseakosea kwa kutoizoea kazi hiyo. Siku ya tatu shimo lilifukiwa. Hakuna aliyepinga.

Sururu alikuwa ameshafunga vyombo vyake kwenye baiskeli mama mkwe alipomfuata hadi njiani.

"Mkwe wangu, ungekuwa wewe uko juu, na ardhi bado inaporomoka, na unasikia mtu anagonga. Ungeshuka?"

Jibu lilikuwa mdomoni, zuri, la kishujaa. Alilitazama, akalirudisha.

"Sijui, mama."

"Haya," alisema mama mkwe, akimtengenezea kamba ya mzigo. "Leo angalau umesema kweli. Nenda salama, unisalimie mwanangu."